Mkopo unakatwa kwenye mshahara, matunzo ya mtoto yanaombwa kwa simu

Mhitimu wa chuo aliyesomeshwa kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu akipata ajira, haombwi kulipa. Mwajiri wake anawajibika kumkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi na kuiwasilisha Bodi, na asipofanya hivyo anabanwa yeye mwajiri. Hakuna anayempigia mhitimu huyo simu saa tatu usiku kumkumbusha kwamba mwezi umekwisha. Hakuna anayemsubiri kwenye geti la kazini akiwa na mtoto mgongoni. Deni linakatwa, maisha yanaendelea.

Mhitimu huyohuyo akizaa kisha akaachana na mwenzake, deni la kuwalisha watoto wake linahamia upande mwingine kabisa. Linategemea utu wake, hali ya mfuko wake wiki hiyo, na kama amegombana au hajagombana na mama watoto. Serikali iliyokuwa na mkono mrefu jana, leo inamwambia mama, "Jaribuni kuelewana." Msimamo wa gazeti hili ni kwamba hiyo ni aibu ya Serikali kabla ya kuwa aibu ya baba mmoja mmoja, na haina tena utetezi.

Kisingizio cha kwanza tunachosikia ni kwamba sheria haitoshi. Sheria ipo. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamtaka baba awape watoto wake malazi, mavazi, chakula na elimu kulingana na uwezo wake, wawe wanaishi naye au wanaishi kwa mtu mwingine. Mama anaubeba mzigo huo baba akiwa amefariki, hajulikani alipo au hana uwezo. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikaja kulipanua jukumu hilo kwa wazazi wote wawili, ndoa iwepo isiwepo. Kifungu chake cha 26 kilistahili kubandikwa kwenye mlango wa kila mahakama nchini: wazazi wakitengana au wakitalikiana, mtoto ana haki ya matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla hawajaachana. Kiwango kilekile, si cha chini kidogo. Sheria hiyo ndiyo pia iliyoifuta ile ya enzi za mkoloni kuhusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa, iliyomwekea baba ukomo wa kulipa Sh100 kwa mwezi. Tuliiacha kwenye vitabu kwa zaidi ya miaka 40 baada ya Uhuru, na hakuna aliyewahi kuona haya. Zanzibar ina sheria yake ya mtoto ya 2011 na Mahakama za Kadhi. Tunayoyasema hapa ni ya Bara, ingawa mama wa Mwanakwerekwe akiyasoma hatashangaa.

Mahakama imepewa hata meno. Inaweza kuamuru matunzo yalipwe kwa awamu au kwa mkupuo, na mapato au mali ya anayewajibika yashikwe. Amri inadumu mpaka mtoto atimize miaka 18, na inaweza kuendelezwa akiwa bado masomoni. Lakini meno hayo hayaumi mpaka mama ayaombe, kisha ayaombe tena, kila baba anapoamua kuacha. Hapo ndipo penye ubovu. Aliyeachiwa kulea ndiye huyohuyo aliyekabidhiwa kazi ya kukusanya deni.

Mchukue mama wa aina ambayo ofisi za ustawi wa jamii za Temeke au Ilemela zinamwona kila wiki. Ana watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la tatu, mdogo hajafika miaka miwili. Anafanya usafi kwenye jengo la maofisi, ameajiriwa na kampuni yenye zabuni, analipwa kwa siku alizohudhuria. Siku ya kwenda ustawi anaamka saa kumi alfajiri, anapika uji, anamwacha mdogo kwa jirani ambaye naye lazima apewe chochote, anamsindikiza mkubwa mpaka kituoni. Saa mbili yuko kwenye benchi. Saa nne anaitwa, anaeleza upya yale aliyoyaeleza wiki iliyopita, kwa sababu ofisa wa wiki iliyopita yuko semina. Anaandikiwa barua ya wito, kisha anakabidhiwa yeye mwenyewe aifikishe: kwa mjumbe, kwa mtendaji, au kazini kwa mwanamume aliyeachana naye na pengine aliyekuwa akimpiga. Siku ya wito baba hatokei. Inaandikwa barua ya pili. Baba anatokea, mpole, kofia mkononi, anakubali kutoa Sh50,000 kwa mwezi, anatia sahihi kwenye daftari. Mwezi wa kwanza anatoa. Wa pili anatuma 30,000 bila ya kutolea, pamoja na ujumbe: "Vyuma vimekaza, nyingine wiki ijayo." Wa tatu simu haipokelewi, ingawa picha zake za sherehe ya Jumamosi anaziona kila mwenye namba yake.

Mama anarudi kwenye benchi. Au anaambiwa aende mahakamani, na huko kuna kufungua shauri, kuna tarehe ya kutajwa, kuna tarehe ambayo hakimu ana udhuru, kuna hukumu. Baba asipoitii hukumu, kuna maombi mengine ya kuikazia. Kama walifunga ndoa na sasa anadai talaka, kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinamtaka kwanza apite kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Kila mlango kati ya hiyo hufunguliwa saa za kazi na kufungwa saa za kazi. Mwezi wenye safari tatu au nne za namna hii, ukijumlisha ujira alioukosa, nauli na kile alichompa jirani, unakaribia kabisa kukimeza kiasi anachokidai. Akiacha kudai, tunamwita mzembe. Akiendelea kudai, msimamizi wake kazini anauliza kwa nini kila siku yeye ndiye mwenye shida.

Hatuwalaumu maofisa ustawi. Wengi wao wanahudumia kata kadhaa peke yao, kwenye chumba chenye meza moja na kabati lisilofungika, na hiyohiyo meza ndiyo ya ukatili, wazee wasiojiweza na watoto wa mitaani. Tunailaumu Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, iliyotengwa na Afya Januari 2022 tukiambiwa kwamba sasa ustawi wa jamii umepata mwenyewe. Kazi ya kwanza ya wizara yenye jina refu hivyo ingekuwa kuhakikisha kwamba makubaliano yaliyosainiwa ofisini kwake yana nguvu kesho yake asubuhi. Leo daftari lile lina nguvu ya ahadi ya kijiweni.

Kuna jambo mahakimu nao wanalikwepa, nalo ni thamani ya kulea. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikumpa kitu, lakini msimamo ule umewasaidia wanawake wengi waliomfuata. Sasa iweje kazi ihesabiwe wakati wa kugawa nyumba na isihesabiwe wakati wa kupanga matunzo? Sheria ya Mtoto inaitaka mahakama iangalie kipato na utajiri wa wazazi wote wawili, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Kifungu hicho kikisomwa kivivu, mama mwenye kamshahara anaonekana naye ni "mwenye kipato", na mzigo unakatwa katikati kama embe. Lakini mama anayekesha na homa ya mtoto, anayefua, anayesimamia kazi za shule, anayekataa kazi ya zamu ya usiku kwa sababu hana wa kumwachia, amekwisha kulipa sehemu yake kabla baba hajatoa pochi. Zamu aliyoikataa ni fedha. Ipigiwe hesabu.

Na hesabu zenyewe si ngumu. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma ni Sh500,000. Asilimia 15, ile ya Bodi ya Mikopo, ni Sh75,000. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka Sh60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha msaidizi wa kazi za nyumbani anayelala kwa mwajiri katika nyumba ya mtu wa kawaida, na viwango vimepandishwa tangu hapo. Kwa hiyo hata baba akatwe kama anavyokatwa mkopo, bila kukosa mwezi, akishalipwa dada wa kumshika mtoto ili mama aende kazini, kinachobaki hakifiki Sh15,000. Ndani yake mna unga, dawa, daftari, mchango wa chakula cha shuleni na twisheni, maana elimu bila ada haikufuta gharama za kumpeleka mtoto shule. Anayesema akina mama wanatajirika kwa matunzo aje na kikokotoo tukae naye.

Huyo dada naye, tumwangalie kidogo. Mara nyingi ni binti aliyezalishwa na kuachwa, akamwacha mtoto wake kwa bibi Singida au Iringa ili aje kumlea mtoto wa mwanamke mwingine aliyeachwa. Kule kijijini bibi anamlisha mjukuu kwa kuku watatu na kibarua cha kupalilia. Bibi ndiye mfuko wa hifadhi ya jamii ambao hakuna mwajiri wala Serikali iliyowahi kuuchangia, na siku utakapofilisika hakuna atakayetangaza.

Tugeukie uongo unaotembea mitaani kwamba mtoto akifika miaka saba ni wa baba. Sheria ya Ndoa haisemi hivyo popote. Inachosema kifungu cha 125 ni kwamba ustawi wa mtoto ndio wa kwanza, na kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba hudhaniwa ni vema akae na mama, dhana ambayo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kinakwenda mbele na kuitahadharisha mahakama isiyavuruge maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Hakuna kengele inayolia siku mtoto anapotimiza miaka saba. Lakini uongo huu una faida kwa anayetaka kukwepa: halipi chochote miaka sita, mtoto akishaweza kujiogesha na kwenda dukani, anakuja na ndugu zake kudai "damu yao". Mahakimu wanaopokea madai ya namna hiyo bila kuuliza kwanza malimbikizo ya miaka sita yako wapi, wanamzawadia mkwepaji.

Waajiri wasidhani tumewasahau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Baba akapewa siku 3. Siku 3, na azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, na kama atapata watoto wengine ndani ya mzunguko huo wa likizo wa miezi 36, haziongezeki. Kisha, mtoto akiugua au akifariki, mfanyakazi ana siku 4 zenye malipo, nazo ni jumla ya mzunguko wote, zikichanganywa na za kufiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa tumbo moja. Siku 4 kwa miaka mitatu! Mtoto wa chekechea anaweza kuzimaliza kwa homa moja na tetekuwanga. Zikizidi, sheria inasema mfanyakazi anaweza kuchukua nyingine bila malipo, mwajiri akiridhia.

Wazazi wanaoishi pamoja hupokezana. Leo mmoja anaomba ruhusa, kesho mwingine. Wakiachana, siku zote nne ni za mtu mmoja, na huyo mtu mmoja ndiye pia mwenye tarehe za mahakamani. Wabunge walioipitisha sheria ile hawakumfikiria mzazi anayelea peke yake, na hakuna mahali ilipomtaja. Zipo kampuni zinazojitangaza kuwa rafiki wa familia kila Machi 8 zikigawa khanga na fulana, na Machi 9 zinamwandikia barua ya onyo mama aliyechelewa kwa sababu mtoto alikuwa kwenye dripu. Khanga hizo wabaki nazo. Tunachodai ni siku za dharura ya mtoto zinazotosheleza mzazi anayelea peke yake, na siku ya shauri la matunzo ihesabiwe kuwa siku ya kazi, kwa ushahidi wa wito wa mahakama.

Kuhusu mahali pa kumwacha mtoto, nchi hii ina mpango kwenye karatasi. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Desemba 2021 kwa miaka mitano, na miaka hiyo imefika ukingoni. Tunawauliza wakurugenzi wa halmashauri swali jepesi: katika soko jipya au stendi mpya uliyoijenga kipindi hicho, chumba cha watoto wa wafanyabiashara kiko wapi? Maegesho ya magari yapo. Mama lishe na muuza mboga wanaendelea kuwalaza watoto kwenye boksi chini ya meza, pembeni ya jiko la mkaa. Vituo vingi vya kulelea watoto mchana ni vya watu binafsi, na kilicho karibu na kinacholipika mara nyingi ni sebule ya mtu isiyosajiliwa, ambayo ustawi huijua siku ya ajali.

Mafao nayo yamepangwa kana kwamba hakuna anayeachana. Bima ya NHIF ya mwajiriwa inamhudumia mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Baba akianzisha familia nyingine, nafasi ni zilezile nne na mwenye kuzijaza fomu ni yeye. Mtoto wa kwanza anaweza kufutwa kimyakimya na mama akaligundua hilo dirishani, hospitalini, mtoto akiwa amelegea mkononi. Kimbilio la wengi lilikuwa Toto Afya Kadi, Sh50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, ambayo Mfuko uliisitisha 2023 kwa hoja kwamba wazazi walikuwa wanakata bima kwa watoto ambao tayari ni wagonjwa. Hoja ya kihasibu tunaielewa. Tusichokielewa ni kwa nini hakuna aliyejiuliza watoto walioandikishwa mmojammoja walikuwa wa nani hasa. Mtoto ambaye baba yake ni mchangiaji wa bima asifutwe kwenye orodha bila mzazi anayeishi naye kujulishwa na kusikilizwa. Hilo halihitaji hata shilingi moja ya bajeti.

Ruzuku ya TASAF inafuata kaya iliyoandikwa, siyo mtoto. Mtoto akihamishiwa kwa bibi ambaye hayumo kwenye orodha, fedha inabaki kwenye jina la kaya aliyoiacha. Na mwajiriwa aliyeachishwa kazi akilipwa fao la kukosa ajira, analipwa yeye, hakuna anayeuliza kama kuna amri ya matunzo inayomsubiri. Benki aliyoikopa huwa imeshauliza.

Tuwasikilize na akina baba, maana wapo wenye kilio cha haki. Yupo anayetuma fedha kila mwezi na hajamwona mtoto mwaka mzima, kwa sababu mama ameolewa kwingine au ana hasira zake. Yupo aliyelipa taslimu bila risiti kwa kumwamini mwenzake, akaburuzwa mahakamani kama mkwepaji. Yupo anayelea watoto peke yake, mama yao yuko mji mwingine na hatumi hata salamu, na akienda ustawi anaangaliwa kama kituko. Sheria ya Mtoto inamlinda mtoto katika hili pia: ana haki ya kumtembelea na kukaa kwa mzazi mwingine anapotaka, ilimradi masomo hayaharibiki. Mama anayemfungia mtoto asimwone baba anavunja haki ya mtoto, na achukuliwe hatua. Lakini matunzo si kiingilio cha kumwona mtoto, na mlango uliofungwa haumpi baba ruhusa ya kumnyima mtoto chakula. Kila kosa lina mlango wake mahakamani. Na mzazi mkwepaji ni mkwepaji, awe amevaa suruali au dera.

Sasa tuseme la kufanyika, na lifanyike kwa zana ambazo Serikali tayari inazo.

Kwa mwajiriwa, amri ya matunzo iende moja kwa moja kwa mwajiri siku inapotolewa, ikatwe kama inavyokatwa mikopo ya wanafunzi, na mwajiri asiyewasilisha adaiwe yeye. Akihama kazi, amri imfuate kwa namba yake ya NIDA. Bunge liliweza 2016 kuyapandisha makato ya Bodi kutoka asilimia 8 hadi 15, na nchi haikusimama.

Hapa pana kona ambayo wakwepaji wenye akili wanaijua. Utaratibu wa utumishi unamtaka mtumishi abaki na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Ni ulinzi mzuri. Lakini mama anapofika na hukumu mkononi, benki imeshafika, kikundi cha kuweka na kukopa kimeshafika, Bodi imeshafika. Kilichobaki ni ile theluthi, haiguswi, na mtoto anaambiwa asubiri mkopo wa baba uishe baada ya miaka sita. Mkopo mwenyewe unaweza kuwa umechukuliwa wiki mbili baada ya wito wa kwanza. Kwa hiyo haitoshi kukata. Lazima ipangwe nani anakatiwa kwanza. Matunzo yawe ya kwanza kwenye orodha ya makato, mbele ya benki na mbele ya Bodi yenyewe. Benki zitalalamika. Zina wanasheria na zina dhamana, zitajua la kufanya. Zitaanza kumuuliza mkopaji kama ana watoto anaodaiwa matunzo kabla ya kumpa fedha, na swali hilo peke yake litafanya kazi ambayo barua elfu za wito hazijaifanya.

Tunajua jibu linalokuja: wengi hawana mwajiri. Ni bodaboda, wavuvi, mafundi, wachimbaji wadogo, machinga. Ni kweli, na kwa hao makato ya mshahara hayafiki. Lakini nchi hii imesajili laini za simu kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Dereva anayeegesha gari mjini kwa nusu saa anatengenezewa namba ya malipo, na asipolipa deni linakaa kwenye mfumo likimngoja. Haiwezekani maegesho yawe na namba ya malipo na mtoto asiwe nayo. Kila amri ya matunzo, na kila makubaliano ya ustawi, yapewe namba yake. Baba alipe kwa simu kutoka Tunduma au Kasulu, risiti ibaki kwenye mfumo, mama asihitaji kupiga simu na baba asiweze kudai alilipa mkononi. Atakayelimbikiza deni akutane nalo anapokwenda kuhuisha leseni ya udereva au leseni ya biashara. Baba mwaminifu, yule tuliyemtaja hapo juu asiye na risiti, ndiye wa kwanza kunufaika.

Kuna wenzetu watakaosema tunaingiza Serikali chumbani mwa watu. Imekuwamo siku nyingi. Ndiyo inayosajili ndoa, inayoandika vizazi, inayotoa talaka. Tatizo ni kwamba inatoka chumbani mara tu mmoja anapobaki na watoto.

Mwisho, mashauri haya yasisubiri ushahidi ukamilike ndipo mtoto ale. Pale ambapo mzazi hapingi kwamba mtoto ni wake, hakimu atoe amri ya muda siku ya kwanza, mdaiwa awe amefika au amepokea wito akakaidi, kwa kiwango kinachofahamika kulingana na kipato chake, na makato yaanze mwisho wa mwezi huohuo. Wizara ya Katiba na Sheria na ile ya Maendeleo ya Jamii zipeleke muswada huo bungeni kabla ya bajeti ijayo. Ni vifungu vichache, wala havihitaji tume wala ziara ya kujifunza nje ya nchi. Atakayeona amekatwa kuliko uwezo wake, njia ya kuomba amri irekebishwe iko wazi kwenye sheria. Aandike maombi, apange foleni, atafute nauli, na safari hii aombe ruhusa kazini yeye.